Tairi la soya ni tairi, si mboga

Nimeona tangazo jingine la tairi "rafiki wa mazingira". Jani linachipua kwenye mpira mweusi, tone la mafuta rangi ya dhahabu linadondoka taratibu, kinanda kinalia, kisha sauti nzito inatamka "asili". Kilichobaki ni kuambiwa tulikaange tulile.

Niseme, kwa shingo upande, kwamba mafuta ya mimea kwenye tairi si usanii mtupu. Mpira bila kilainishi unasumbua kuchanganyika na masizi na silika (unga wa kuuimarisha), na baridi ikikaza unakakamaa. Goodyear walipotoa Assurance WeatherReady ya mafuta ya soya mwaka 2017, wakisaidiwa na wakulima wa soya wa Marekani, hoja yao ilikuwa hiyohiyo: mpira ubaki laini joto likipanda na likishuka. Nokian wa Ufini wana mafuta ya rapa (mmea wa jamii ya haradali), Michelin wamejaribu alizeti, Yokohama wakaenda hadi kwenye machungwa. Anayefunga breki juu ya barafu hana haja ya kuelezwa faida yake.

Na si suala la kumimina debe la mafuta kwenye mashine ukaenda kulala. Mafuta ya mimea yana vifungo maradufu vya kikemia vinavyounyang'anya mpira salfa inayotakiwa kuufunga uwe imara. Badilisha mafuta, acha kipimo cha salfa vilevile, na mpira utatoka umelegea. (Anayeshangaa mafuta na salfa kuoana akumbuke vifutio vya penseli: tangu karne ya 19 watu wanapika mafuta ya mimea na salfa hadi yanaganda, wanapata faktisi, na faktisi ndiyo inayofanya kifutio kipukutike vizuri.) Kwa hiyo wakemia sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni na lile jani.

Kwa miaka mingi kilainishi cha bei poa kilikuwa mafuta mazito ya aromatiki, mabaki ya kusafisha mafuta ghafi ya petroli, yenye benzopireni, kitu kinacholeta saratani. Tairi likilika, nayo inabaki barabarani. Nani aliyaondoa? Jani? Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2005, na kuanzia Januari 1, 2010 mafuta yenye zaidi ya miligramu 1 ya benzopireni kwa kilo yakapigwa marufuku kwenye matairi. Na viwanda havikukimbilia shamba la alizeti. Vingi vilihamia mafuta yaleyale ya petroli, safari hii yamesafishwa zaidi. Hakuna aliyepiga kinanda.

Sasa tuje kwenye vumbi, maana hapo ndipo matangazo yanapokuwa bubu. Tairi jipya lina mifereji yenye kina, baada ya muda ni kipara. Ule mpira umekwenda wapi? Uko barabarani, hewani, mtoni. Ndani yake kuna 6PPD, kemikali inayoukinga mpira usipasuke kwa ozoni, gesi iliyomo hewani. Ikikutana na ozoni inageuka 6PPD-kwinoni. Mwishoni mwa 2020 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walionyesha kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa inawaua samaki wa coho, aina ya samoni, kila mvua iliposomba uchafu wa barabara kuuingiza mitoni. Samaki wazima, wamerudi kutaga, wanakufa kabla hawajataga. Weka soya kwenye tairi hilo. Weka alizeti. Weka hata marashi ya waridi. 6PPD imo palepale, na coho anakufa vilevile.

Wanaolia kwamba tunayalisha magari chakula: hoja ipo, ila mafuta ni sehemu ndogo tu ya uzito wa tairi. Na wanaodhani cha shambani hakina lawama wakumbuke kwamba soya, pamoja na mpira wa asili wenyewe, imo kwenye sheria ya Ulaya ya 2023 dhidi ya bidhaa zinazotokana na ukataji misitu.

Lebo ya tairi ya Ulaya inaonyesha ulaji wa mafuta ya gari, mshiko kwenye maji na kelele. Kiasi ambacho tairi linapukutika hakimo. Afadhali kanuni za Euro 7, zilizopitishwa 2024, zimeanza kuweka ukomo kwa hilo. Namba hiyo ndiyo ninayoitaka ubavuni mwa tairi, kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Ikitoka nzuri kwa sababu ya soya, nitanunua seti nzima, na jani lao nitalivumilia.