Je, kisu ndicho kinachotawanya saratani?

Wiki iliyopita barazani Kuze, mtaa wa Mombasa, ami yangu alikuwa na bahasha ya majibu mapajani, kahawa imempoa mkononi. Daktari ameshauri akatwe kipande cha utumbo mpana. Wenzake wakamkanya: "Usikubali. Saratani ikiguswa na kisu hutawanyika."

Neno hilo halikuzuka bure. Uvimbe ukipasuka wakati wa upasuaji, seli zaweza kumwagika tumboni zikaota upya. Madaktari wenyewe waliiogopa hatari hiyo. Mwaka 1967, Rupert Turnbull wa Marekani alieleza mbinu ya kuifunga mishipa ya damu kwanza, kabla uvimbe haujashikwa, seli zisije zikasukumwa mwilini. Miaka mingi baadaye jaribio kubwa la Japani lililinganisha mbinu hiyo na upasuaji wa kawaida, na haikuonekana kuushinda.

Lakini saratani haingoji kisu. Nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo, kikakaa hata miaka 10 kabla ya kugeuka saratani. Seli zilizo salama hushikana kwa protini iitwayo E-kadherini. Mshiko huo ukilegea, seli hujitenga, hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha utando ulio chini yake, kisha hupenya hadi kwenye misuli. Ni kama mchwa ndani ya boriti za nyumba zetu za Mji wa Kale: nje boriti nzima, ndani unga mtupu. Zikiingia kwenye damu, nyingi hufa humo humo. Chache zinazosalia zatosha. Na kwa kuwa damu ya utumbo hupitia ini kwanza, ini ndilo huvamiwa zaidi.

Hapo ndipo uvumi unapopata nguvu. Mgonjwa hupasuliwa, baada ya miezi ini likaonekana lina madoa, na kisu kikalaumiwa. Mara nyingi seli zilishafika kitambo, zikiwa ndogo mno kuonekana kwenye picha. Siku ya upasuaji kila mtu anaikumbuka. Miezi ya damu chooni, iliyoitwa bawasiri, haihesabiwi na mtu, na hilo linaniuma.

Hata hivyo wazee wana hoja moja ya haki: mkono wa mpasuaji una uzito. Uvimbe utolewe mzima, na tezi za limfu, vijitezi vya jirani ambamo seli za saratani huweza kunasa, zisizopungua 12 zikapimwe maabara. Ami aliomba kalamu, akaandika "12" nyuma ya bahasha.