Kutoka Tanga Hadi Tonga, Mkeka Kwapani

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na rafiki niliyesoma naye Auckland aliponialika kwao Tonga, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, niliwaeleza ndugu zangu mara tatu kwamba sijakosea herufi. Nilifikia kwa mama yake, katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Tongatapu, ambako minazi, migomba na majimbi vimezunguka nyumba kiasi kwamba, kama si nguruwe waliokuwa wakizurura barabarani, ningedhani sijaondoka Pangani. Kosa langu lilianzia hapo: nilijiona niko nyumbani.

Katiba yao ya mwaka 1875 iliifanya Jumapili kuwa siku takatifu, isiyo ya biashara wala michezo, hivyo maandalizi hufanyika mapema. Jumamosi usiku mama alinikabidhi, kwa mikono miwili, mkeka mkuukuu uliochakaa pindoni, pamoja na kamba iliyosokotwa kwa makumbi ya nazi. Alisema maneno mengi ya Kitonga, nami nikaitikia "mālō", yaani asante, neno pekee nililokuwa na uhakika nalo. Mikeka yao husukwa kwa majani ya mkadi badala ya ukindu, lakini mkeka ni mkeka, na kwetu hata mtoto hafundishwi matumizi yake. Kamba niliidhania ya kufungia mzigo, nikaiacha kitandani.

Asubuhi rafiki yangu alitangulia kwenye mazoezi ya kwaya. Nilivaa suruali, shati jeupe na tai, nikatia mkeka kwapani, nikaifuata kengele. Njiani kila mwanamume alikuwa amevaa shuka, na mkeka wake ameuzungusha kiunoni. Nilivutiwa sana na busara hiyo ya kujifunga mkeka ili mikono ibaki huru kushika Biblia, nikiamini kwamba kila mtu angeufungua wake akifika.

Mabenchi yalikuwa yamejaa. Nikaona nafasi safi sakafuni, chini ya mimbari, nikavua viatu, nikautandika mkeka, nikaunyoosha mikunjo kwa kiganja, kisha nikakaa nimekunja miguu kama mgeni wa hitima.

Kwaya ilikuwa ikiimba bila ala yoyote, kwa nguvu za kutikisa mabati. Sauti ya tatu ndiyo iliyokatika kwanza, maana rafiki yangu alikuwamo. Besi ikafuata, kisha watoto wakaangua kicheko. Mzee mmoja mwenye mwili wa watu wawili alinyanyuka, akaniinua taratibu bila neno la ukali, akaukung'uta mkeka na kunizungushia kiunoni kama mtoto anayevalishwa sare siku ya kwanza ya shule. Akatafuta kamba, asiione. Akanitazama usoni, kisha akaitazama tai yangu.

Ibada nzima niliisikiliza nikiwa nimefungwa mkeka kwa tai yangu mwenyewe, na kwa kuwa vazi lile huchoma mbavu za anayejikunja, nilikaa wima kumshinda mchungaji. Wakati wa matangazo nilisikia neno "Tanga", na kanisa zima likageuka.

Baadaye rafiki yangu alinieleza kwamba vazi hilo huitwa ta'ovala, kwamba kwenda kanisani bila hilo ni kama kwenda na fulana ya ndani, na kwamba kadiri linavyochakaa ndivyo heshima yake inavyozidi. Lile nililopewa lilikuwa la babu yake. Lilikuwa limekwenda makanisani na misibani miaka na miaka bila kukaliwa na mtu, hadi nilipofika mimi. Nilipomwomba mama radhi, alicheka hadi akajifuta machozi.

Chakula cha mchana kilifukuliwa kwenye tanuri la mawe ardhini: viazi vikuu, nguruwe, na nyama iliyofungwa kwa majani ya majimbi pamoja na tui zito. Sakafuni ilitandikwa mikeka mipana, jamaa wote wakaketi, mama akapigapiga nafasi iliyokuwa kando yake. Mimi nilibaki nimesimama, nikamwinamia rafiki yangu na kumwuliza kwa sauti ya chini: "Na huu je, tunaukalia?"