Kirusi wa Darasa la Tano

Najua mwalimu wa Hisabati ameshawasimulia, na picha kapiga. Haya, ipokeeni na ya mwenyewe kabla hajaongeza chumvi.

Jana somo lilikuwa VVU, Darasa la Tano. Nikaligeuza mchezo: kundi moja chembe nyeupe za damu, kundi lingine dawa za ARV, kirusi mimi. Wakanibandika manila kifuani na mgongoni: VVU, herufi nyekundu kama bango la mkutano. Nakamata chembe, naigeuza kiwanda cha kuzalisha virusi wenzangu, mpaka ARV wakanibana ukutani. Hawaniui, wananifubaza tu. Wakaelewa! Hata aliyeuliza mbona mbu haambukizi nilimjibu: mbu akikuuma anakutemea mate, hakumiminii damu ya jirani.

(Tulieni, aibu inakuja.)

Kengele ikalia. Nikabandua la kifuani.

Stendi watu wananipisha. Kwenye daladala nimeachiwa siti nzima. Nikajisemea, kumbe heshima ya ualimu imerudi. Nikashukia kwa mama wa mboga, nikainama kuchagua nyanya. Genge likanyamaza. Mkono ukatua begani, taratibu.

"Mwanangu, hongera kwa kutojificha."

"Asante mama, nimeshazoea."

"Uliupata wapi?"

"Chuoni. Tuliupata wengi mwaka ule."

Akameza mate. "Na mkeo?"

"Anao. Yeye wa sekondari."

"Yarabi! Na watoto?"

"Mkubwa hapana. Huyu mdogo, dalili naziona."

Mama akakalia ndoo. Akanitilia fungu la mchicha ambalo sikuomba, kisha akaninong'oneza, "Lakini dawa mnameza?"

"Dawa gani, mama?"

Ndugu zangu, alivyosimama! "Dawa gani? ARV! Usizichezee! Meza kila siku bila kuruka, utazeeka uje unizike mimi!" Wateja wote: "Kweli kabisa!" Somo langu la dakika arobaini kalimaliza kwa pumzi moja, tena bila manila.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyenionea huruma. "Mwalimu, mgongoni." Nikapeleka mkono. Pini ikanichoma kidole.

Nimeeleza, wamecheka, nimekimbia. Nyumbani picha ilishanitangulia, na mke wangu anataka kujua nani kaniruhusu nimtangaze sokoni. Mwalimu mkuu anataka mchezo urudiwe Darasa la Sita. Mnaocheka nawaona.

Leo asubuhi nimepita gengeni. Mama kanidai hela ya mchicha.