Saa Kumi na Tano za Nani?

Mtandaoni wapo waungwana wanaojua kila kitu kuhusu safari ambayo hawajaifungia mzigo. Watakuambia kwamba kutoka Nairobi hadi New York, kwa njia fupi kabisa, ni takriban kilomita 11,800, na kwa kuwa ndege hukata anga kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa, utafika kwa saa 13 na ushee. Hesabu ni safi, ila aliyeipiga hana magoti.

Ndege ya moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda. Mlaji mkuu wa muda huo wa ziada ni upepo, kwani huko juu ya Atlantiki ya Kaskazini huvuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo anayekwenda Marekani hukabiliana nao uso kwa uso, naye anayerudi husukumwa mgongoni. (Hata maumbile yanatuhimiza turudi kwetu.) Nami nimebanwa kiti cha kati, kando ya bwana aliyejimilikisha pahali pote pa kuwekea viwiko, nikikodolea macho kijindege cha kwenye skrini kilichoganda juu ya Sahara. Nasinzia, naamka, kingali Sahara. Nusu ya njia hiyo fupi iko Morocco. Ukiifikia unafurahi, kisha unakumbuka kwamba sehemu kubwa iliyobaki ni bahari tupu.

Mjomba wangu hayakubali haya. Yeye huhesabu kwa saa ya ukutani: niliondoka saa tano na nusu usiku, nikatua huko saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi ni saa saba, "sawasawa na basi la Kisumu, tena wewe ulipewa chakula." Nilipomweleza kwamba New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane majira ya baridi na saba majira ya joto, aliniuliza hizo nane nimezipeleka wapi. Kurudi kulizua balaa zaidi, kwa sababu niliondoka mchana nikafika kesho yake saa nne asubuhi, naye akatangaza mbele ya wageni kwamba bila shaka nilishukia njiani kwa mambo yangu.

Wala hakuna anayehesabu foleni ya kutoka Rongai hadi uwanja wa ndege, saa tatu za kuambiwa uwahi, na ile mizani iliyokataa unga wa wimbi alioagiza binamu, hata nikalazimika kufungua sanduku hadharani na kuvaa makoti mawili ili kupunguza kilo. Kilomita ndefu kuliko zote ni ile ya 11,801, inayoanzia mlangoni mwa ndege na kuishia mbele ya afisa wa uhamiaji, ambaye aliniuliza nimekuja kufanya nini, nami kwa uchovu nilikuwa nimeshasahau.