Pili Aliyeniliza Mbele ya Watu Nane

Kwanza kabisa naomba ieleweke kwamba simjui mtu yeyote anaitwa Pili. Sijawahi kuwa na mchumba Pili, wala shangazi Pili, wala jirani Pili. Lakini kuna watu hapa duniani ambao mpaka leo wanamuombea huyo dada arudi kwangu, na wawili kati yao wameapa wakikutana naye watamwambia ukweli wake.

Ilianza hivi. Kazi yangu ni kuandika maneno ya matangazo, na kwa wiki 3 nzima kichwa kilikuwa kikavu, naandika sentensi moja, naifuta, naandika tena ileile. Jamaa yangu mmoja akanambia tatizo lako unakula na watu walewale mnaongea yaleyale, bosi, mpira, foleni, sasa wazo jipya litaingilia mlango gani? Akanipa na historia, eti kule Birmingham, Uingereza, karne ya 18, akina James Watt, yule aliyeboresha injini ya mvuke, na daktari Erasmus Darwin (babu yake Charles Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi) walikuwa na chama chao cha kula na kubishana, na walikuwa wanakutana karibu na mwezi mpevu ili wakimaliza wapate mwanga wa kurudia nyumbani. Mi hapohapo nikajiona niko juu ya farasi, mbalamwezi inawaka, kichwani nimebeba injini ya mvuke.

Akaniunganisha na dada mmoja anayeandaa chakula cha jioni kwa watu wasiojuana. Dada ana sheria huyo! Simu zinabaki kwenye kikapu mlangoni. Marufuku kuulizana kazi. Na watu ni tisa tu, hazidi hata mmoja, kwa sababu Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani wa karne hiyohiyo ya 18, alisema mezani watu wasipungue watatu wala wasizidi tisa, na dada anamheshimu Kant kuliko anavyomheshimu mwenye nyumba wake.

Sheria ya mwisho, wote mnaanzia jikoni. Kila mtu akachagua kazi, mi kwa kujitia najua nikasema nipeni pilipili. Dada akaniuliza, "Nikupe glavu?" Nikacheka. Hicho kicheko nakikumbuka vizuri sana, natamani nirudi nyuma nikipige kofi.

Nikazipasua zote, nikakwangua ule utando mweupe wa ndani kwa kidole gumba, taratibu, kama daktari wa upasuaji. Baadaye ndo nikaja kujua kwamba ule utando ndo makao makuu ya ukali, mbegu zinasingiziwa tu. Nikanawa kwa maji matupu, nikajifuta, nikaenda mezani nimependeza.

Nikawekwa na mzee mmoja mpole, tukaamkiana, tukapewa kadi za maswali. Ni yale maswali 36 ya mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake, ya mwaka 1997, yanaanza mepesi halafu yanazidi kuzama mpaka unajikuta unamwambia mgeni mambo ambayo hata mama yako hayajui. La kwanza linauliza ungeweza kumwalika mtu yeyote duniani aje kula na wewe ungemwalika nani. Mi nikataja mwanafalsafa ambaye sijawahi kumsoma hata ukurasa. Mzee akasema, "Mke wangu. Ila wa miaka ile ya mwanzo. Ni huyuhuyu, lakini alikuwa anacheka nikisema kitu." Nikajiona mjinga, na tulikuwa na maswali 35 mbele.

Mambo yakaenda vizuri mpaka namba 30. Mzee anaivuta kadi, anavaa miwani, na hapo kope ikawa inaniwasha kidogo, nikaifikicha kwa kidole gumba. Kidole gumba kilekile. Mzee akasoma kwa sauti: "Ni lini mara ya mwisho ulilia mbele ya mtu mwingine?"

Jamani.

Sikulia, nilifunguka kama bomba. Jicho la kulia likawaka moto, nikalisaidia kwa mkono wa pili, nao nilikuwa nimeukatia vilevile, sasa yote mawili yanamwaga, pua nayo haikutaka kuachwa nyuma. Meza nzima ikanyamaza. Mtu akaweka kijiko chini taratibu kama tuko msibani. Dada mwenyeji akaja kunishika bega, ananinong'oneza, "Asante kwa kutuamini."

Nikajaribu kueleza, lakini koo limebana, kila nikivuta pumzi maneno yanakatika. Nikasema, "Ni pili... ni pili..."

"Pili ni nani?" akauliza mama mmoja wa upande wa pili.

Nikakusanya nguvu zote. "Hapana! Pili! Pili!"

"Masikini," akasema yule mama, "msikieni anavyomwita."

Hapo ningeweza bado kujiokoa, nikavuta pumzi nianze upya, lakini kijana wa miwani pembeni yangu akaanza kulia na yeye. Akasema hata yeye ana Pili wake, jina ndo tofauti, na ni miaka miwili hajawahi kumwambia mtu. Sasa wewe niambie, mtu anatoa mzigo wa miaka miwili, unamkatiza vipi umwambie samahani ndugu, mi yangu ni mboga?

Wakaanza kunihoji kwa upole, na mi nikaapa moyoni kwamba sitasema uongo hata mmoja.

"Yukoje huyo Pili?"

"Mdogo tu. Lakini mkali."

"Mlikutana wapi?"

"Jikoni."

Wakaitikia kwa vichwa, kama vile jikoni ndo mahali ambapo mapenzi yote mazito huanzia.

Nikaomba udhuru nikakimbilia bafuni, nikajimwagia maji usoni kwa mikono ileile. Kumbe ule ukali ni wa mafuta mafuta, maji peke yake hayautoi, yanautembeza tu, na sasa ulikuwa umefika mpaka masikioni. Nikarudi nimevimba macho kama nimetoka ulingoni, na watu watatu wakasimama wakanikumbatia kwa zamu.

Na hapo ndo mazungumzo yalipopamba moto. Huyo huyo Kant anasema chakula kizuri kinaanza na habari, kinapita kwenye mabishano, kinaishia kwenye utani. Sisi tulianza na matanga, lakini mabishano yalikuwa ya hali ya juu. Swali lilikuwa je, mtu akikuunguza bila kujua, ana kosa? Kijana akasema Pili hana hatia, hakujua. Mama akasema alijua sana, ukali ni tabia yake, kazaliwa nao, na kuanzia hapo akahamia kwa dada yake wa tumbo moja ambaye hawajasemeshana kwa miaka 6 kwa sababu ya cherehani ya marehemu mama yao.

Mzee wangu alikuwa kimya muda wote anakula. Akafuta mdomo, akasema kwa utulivu, "Mimi naona tatizo si Pili. Tatizo ni namna alivyomshika."

Nikamgeukia kwa jicho lililobaki. Akasogea sikioni kwangu.

"Sheria inakataza kutaja kazi, mwanangu, lakini mi nilikuwa mpishi miaka 30. Usiguse tena uso. Nenda jikoni ujipake mafuta ya kula mikononi, kisha uoshe kwa sabuni."

"Mzee, sasa mbona hukuniokoa?"

"Ningekuokoaje," akasema, "na yule mama ndo kwanza kafika kwenye cherehani?"

Basi nikajipaka mafuta, nikarudi, tukakaa mpaka saa 6 usiku. Wenzangu wa Birmingham walikuwa na injini za mvuke, mi nilitoka na wazo moja tu: glavu.

Nikajua yameisha. Wiki iliyopita nikapata ujumbe kutoka kwa dada mwenyeji. Kundi lote linarudi kula tena, yule mama kampigia dada yake wameongea saa nzima, kijana naye anaendelea vizuri, na wote wamekubaliana kwa kauli moja nimlete Pili. Anajua kabisa tutakuwa kumi, lakini kwa ajili yake wameamua safari hii Kant asamehe.

Nimejibu atakuja. Kwahiyo natafuta mtu anaitwa Pili, awe mdogo mdogo, na kama inawezekana asiwe mkali sana.