Tumeazima Kiti, Tumeacha Ukaguzi

Mjadala wa uongozi kanisani haumaliziki bila mtu kunukuu maneno ya Yesu katika Marko 10:43: "haitakuwa hivyo kwenu." Kisha yanafuata mahubiri ya unyenyekevu wa moyo, na hapo ndipo ninapokwama. Aya iliyotangulia inahusu mamlaka, wakuu wanaotawala kwa nguvu. Luka 22:25 inaongeza kwamba watawala hao huitwa "wenye fadhili", na hilo lilikuwa jina la heshima kweli: Ptolemaio wa tatu wa Misri alijulikana kama Euergetes, yaani mfadhili. Basi mchungaji kujiita mtumishi hakuthibitishi kitu. Majina matamu watawala wanayo tangu zamani.

Kinachonisumbua ni kwamba makanisa mengi yameazima duniani kiti cha mkurugenzi mkuu, pamoja na ofisi, walinzi na "maono" yasiyohojiwa, lakini yameacha huko huko bodi inayoweza kumwondoa, mkaguzi wa nje na ukomo wa muhula. Tumechukua kibaya, kizuri tumekiita cha kidunia.

Ajabu ni kwamba breki hizo zimo katika Agano Jipya. Paulo anaagiza wawekwe wazee wa kanisa, si mmoja, katika kila mji (Tito 1:5), na wazee wa Efeso ndio hao hao wanaoitwa waangalizi, neno ambalo pia hutafsiriwa maaskofu (Matendo 20:17, 28). Askofu mmoja juu ya wazee anaonekana wazi katika barua za Ignasio, askofu wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2. Siupingi uaskofu, una sinodi na kanuni zake. Hatari ni mchungaji asiye na askofu juu yake wala wazee wenye sauti pembeni yake.

Kwenye fedha, 2 Wakorintho 8:18-21 iko wazi kuliko katiba nyingi za makanisa: Paulo hakubali kusafirisha mchango peke yake, asije akalaumiwa. Kwa lugha ya leo, sadaka ihesabiwe siku ile ile na watu watatu wasio ndugu, kabla yeyote hajatoka chumbani. Fomu ioneshe idadi ya kila aina ya noti na jumla kwa tarakimu na kwa maneno, wote watatu watie saini. Nakala moja iende kwa mweka hazina, nyingine kwa mtu asiyegusa fedha, ambaye kila mwezi atailinganisha na taarifa ya benki. Utaratibu huu huvunjika kwa njia mbili za kawaida. Ya kwanza, mweka hazina ni mke au shemeji wa mchungaji. Ya pili ni kulipa mafuta ya jenereta moja kwa moja kutoka kikapuni: hata kama hakuna aliyeiba, jumla halisi imeshapotea.

Mashtaka ndiyo eneo bovu zaidi. Wengi hukariri 1 Timotheo 5:19, kwamba mzee asishtakiwe bila mashahidi wawili au watatu, wakaruka aya ya 20 inayotaka anayedumu katika dhambi akemewe mbele ya wote. Huongezewa Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu, ingawa zaburi inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo, na wanaoonywa ni wafalme wasiwadhuru. Paulo alimpinga Petro hadharani kule Antiokia (Wagalatia 2), wala hakulaaniwa. Malalamiko yaandikwe, yapokelewe na mtu mwingine asiye mshtakiwa, na mshtakiwa atoke nje yanapojadiliwa. Kosa la jinai, hasa dhidi ya mtoto, liende polisi siku hiyo hiyo. Baraza la kanisa halina mamlaka ya kulichunguza.

Uchaguzi wa viongozi nao. Katika 1 Timotheo 3 sifa za mwangalizi karibu zote ni za tabia. Ujuzi unaotajwa ni kufundisha na kusimamia nyumba yake mwenyewe. Sisi tunatafuta sauti nzuri jukwaani. Aya ya 7 inadai mgombea ashuhudiwe mema na watu walio nje, maana yake majirani, mwajiri wa zamani, mwenye nyumba aliyempangisha, wote wana neno katika jambo hili. Kamati za uteuzi humsikiliza mgombea akihubiri Jumapili mbili tatu, na simu kwa mwenye nyumba haipigwi.