Mizinga ya Virginia na magobore ya kwetu

Kuna jambo ambalo Mmarekani wa shamba analifanya Jumamosi mchana bila wasiwasi, na Mtanzania akilijaribu atalala mahabusu. Anatengeneza mzinga wa baruti karakanani kwake, anaukokota hadi malishoni, anarusha angani tufe zito la boulingi, ule mchezo wa kuangusha vigingi, na majirani wanapiga makofi. Mimi naishi Virginia na kazi yangu ni kuchomelea vyuma, kwa hiyo watu wenye mapenzi haya ndio ninaoshinda nao. Nikiwasimulia ndugu nyumbani wananijibu kwamba hao watu wamechoka kuishi. Sikubaliani nao. Na wapo wenzangu huku wanaosema huo ndio uhuru wenyewe, sisi kwetu tunabanwa tu. Hao pia sikubaliani nao.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi nyumbani hudhani hakuna. Ipo. Sheria ya shirikisho ya 1968 inahesabu silaha zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla, pamoja na nakala za zile zinazoshindiliwa kwa mdomoni, kuwa vitu vya kale. Mzinga wa namna hiyo hauwekwi fungu moja na bunduki ya dukani. Baruti nyeusi ya kiwandani mtu anaweza kuwa nayo hadi ratili 50, karibu kilo 23, bila kibali cha shirikisho cha vilipuzi, mradi iwe kwa michezo, burudani au utamaduni, na itumike kwenye silaha hizo za kale. Majimbo na miji huongeza masharti yake. Na kinachorushwa kisiwe chenye kulipuka. Hapo ndipo mchezo unapogeuka kuwa kesi nzito.

Ndiyo maana wanarusha vitu vya ajabu: mipira ya gofu, makopo ya bia yaliyojazwa saruji, matufe ya boulingi. Tufe la boulingi lina matundu ya vidole, kwa hiyo likipanda linavuma, na linaposhuka unalisikia kabla hujaliona. Baruti nyeusi nayo haina haraka kama baruti ya kisasa. Inasukuma, inatoa wingu zito jeupe, harufu yake ya yai viza inabaki kwenye nguo hadi usiku. Nakiri kwamba ni raha. Kifua kinatetemeka, halafu kimya, halafu watu wote mmeinua vichwa mnafuatilia kitu kimoja angani.

Mzinga mfupi wanaoupenda zaidi ni ule wa Coehoorn, kwa jina la mhandisi wa Kiholanzi, Menno van Coehoorn, aliyeubuni katika miaka ya 1670 ili askari waweze kuubeba kwa mikono. Wamarekani waliutumia katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, hasa kwenye mahandaki ya Petersburg, hukuhuku Virginia, mwaka 1864. Wajukuu wa vita hiyo bado wanaupiga leo. Karibu na Winchester, hapa Virginia, kuna uwanja uitwao Fort Shenandoah, makao ya North-South Skirmish Association, chama cha mashindano ya kulenga shabaha kwa silaha za vita hiyo, kilichoanza mwaka 1950. Mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika kwa majani, hufanya mashindano ya kitaifa, na siku ya mota, yaani mizinga hiyo mifupi, shabaha ni kigingi kilichosimikwa umbali wa yadi 100. Tufe hutua, wapimaji huenda na utepe.

Nilisimama nyuma ya kamba nikamtazama mzee mmoja wa timu, na naamini yeye ndiye aliyenifundisha mchezo huu ni nini. Hakuwa na haraka hata kidogo. Baada ya kila mpigo aliusafisha mtutu kwa sifongo yenye maji, akaipekecha mpaka chini, akaitoa, akaitazama, akarudia. Sababu ni kwamba baruti nyeusi haiungui ikaisha. Inaacha masizi mazito, na ndani ya masizi hayo kaa dogo linaweza kubaki hai. Ukishindilia baruti mpya juu ya kaa hilo, mzinga unalipuka wakati mikono yako iko mdomoni mwake. Watu wengi wa mizinga waliopoteza vidole na macho waliumia hivyo. Kijana wa timu alipotaka kusogeza mkoba wa baruti kabla ya zamu yake, mzee alinyoosha kiganja tu. Kijana akarudi nyuma, hakuna aliyecheka, hakuna aliyenuna.

Hicho ndicho ninachokionea wivu Marekani. Uhuru wa malishoni unanitisha. Mimi nachomelea chuma kila siku, najua kiungo kizuri kwa macho kinavyoweza kuwa na ufa ndani. Kisha naona mtu kakata mtungi wa gesi wa zamani, kauita mota, kaupaka rangi, kawaita watoto waje karibu. Oktoba 2019 huko Iowa, familia ilitaka kutangaza jinsia ya mtoto aliyekuwa hajazaliwa. Wakatengeneza bomba la chuma lenye baruti, likapasuka, kipande kikamuua bibi wa mtoto. Februari 2021 huko Michigan, kwenye sherehe ya kumsubiri mtoto, mzinga mdogo wa kupigia salamu ulipasuka ukamuua mgeni mwenye umri wa miaka 26. Hawakuwa wahalifu. Walikuwa na furaha, na hawakuwa na mzee wa kunyoosha kiganja.

Sasa kwetu. Babu yangu alikuwa Sikonge, mkoani Tabora, na gobore lilijulikana kijijini kama jembe linavyojulikana. Nguruwe pori wakivamia mihogo, aliitwa mtu mwenye gobore. Lilikuwa limetengenezwa na fundi wa hukohuko, kwa moto wa mkaa na mivukuto, bila mashine ya kukerezea wala ya kuchomelea. Mimi mwenye cheti cha huku nikifikiria bomba lile lilivyonyooka, namvulia kofia. Leo fundi huyo anaonekana mara moja tu: kwenye runinga, magobore yamepangwa mezani mbele ya kituo cha polisi, yeye kainamisha kichwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimpi pa kupumulia, na serikali ina sababu zake. Magobore yameua tembo, yamevamia mabasi, yametumika kwenye ugomvi wa mashamba. Sidai yaachiwe.

Wala sidai mizinga ya kujifurahisha iletwe Dar es Salaam. Mimi nimekulia Temeke. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu la jeshi lililipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 likafuata la Gongo la Mboto. Waliokufa ni zaidi ya 20 kila mara, nyumba zikabomoka, watoto wakapotezana na wazazi. Mtu aliyekimbia usiku ule wa Gongo la Mboto akiwa na mtoto mgongoni hawezi kuambiwa kishindo ni burudani. Kishindo tunachokubali ni mizinga 21 ya heshima, na hata hiyo tunataka tutangaziwe mapema. Kwenye hili nyumbani wana haki kuliko majirani zangu wa hapa, na huwa nawaambia hivyo majirani.

Lakini tumemfungia fundi pamoja na gobore. Ufipa walikuwa na tanuri ndefu za malungu, waliyeyusha chuma chao wenyewe kabla Mjerumani hajaleta reli. Ujuzi ule haukuwa wa kuua watu. Kijiji cha Makumbusho pale Dar, au makumbusho ndogo yoyote huko Sumbawanga au Tabora, ingeweza kumweka mhunzi mzee afue bomba mbele ya wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya VETA, bila baruti na bila kibao cha "ushahidi", gobore limezibwa mdomo kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Awaonyeshe anavyojua kwa mlio wa nyundo kwamba chuma kina ufa. Wazee wenye mikono hiyo wamebaki wachache, na wengi wanaogopa hata kusema walichokuwa wakifanya. Nikija likizo nitaanzia Sikonge, nimeshamwomba mjomba awatafute.